Wabuge Akiinuka

Voi,
9 Machi 2024

Kwako Mjomba Wabuge,

Pokea salamu kutoka huku kwenye joto. Mimi ni mzima, ila ngozi ya shingo imebabuka na midomo imepasuka. Natumaini wewe na Mama hamjambo, na kwamba goti lake limetulia. Mwambie lile blanketi zito alilotaka nimeshalinunua. Mwenye duka alinitazama sana, maana hapa mtu akinunua blanketi wanadhani anaumwa malaria.

Nimeamua kuandika kwa sababu kwa simu hatuelewani tena. Jumapili tulipigiana kelele mpaka wenzangu wakatoka hemani kuangalia nani anagombana. Honi za treni zimekumaliza masikio, Mjomba, nawe hutaki kukubali.

Kazi inaendelea. Tunafunga taa na kengele kwenye vivuko vya reli, pamoja na vile vifaa vya kuhisi magurudumu. Tunachimba mtaro mchana kutwa, tunalaza kebo, tunafukia vizuri, halafu asubuhi tunakuta ndovu wamezing'oa na kuziburura hadi vichakani. Tunaanza upya. Bosi wetu Muchiri anasema hao ndovu wametumwa na washindani wetu.

Sasa niambie, taa za hapo kwenu zinaendaje? Nimefunga nyingi tangu Januari, lakini hizo ndizo ninazozifikiria, kwa sababu ni hapo ulipokuwa ukinibeba begani ili nimpungie dereva mkono. Najua ndizo zilizokutoa kazi ya kufunga lango. Hilo tulilizungumza, ukasema yamekwisha, nami nimelichukua neno lako hivyo. Kuhusu mtambo wenyewe usiwe na wasiwasi. Treni ikikanyaga kifaa huko mbali, taa nyekundu zinawaka na kengele inalia. Na ikitokea kitu kimeharibika, kebo imekatika au maji yameingia, mtambo hauwezi kusema njia ni salama. Unawasha nyekundu tu. Usipojua, unasema hatari. Ndiyo maana ninaipenda kazi hii, Mjomba. Mtu anaweza kusinzia, mtambo hausinzii.

Msalimie Mama mpaka achoke.

Mimi mpwa wako,
Shitanda

* * *

Kwa Wabuge, Eldoret,
6 Aprili 2024

Shitanda mwanangu,

Barua yako ilikaa posta muda mrefu kwa sababu njia ya kwenda mjini ni matope matupu. Mvua ya mwaka huu haina adabu. Sisi tuko salama. Nekesa, binti yangu wa Kapseret, amepata ng'ombe wa pili wa maziwa na sasa hatuna raha, kila siku ni habari ya huyo ng'ombe. Goti la mama yako linauma kukiwa na baridi, lakini bado anakwenda sokoni na kapu lake la sukuma wiki. Blanketi analisubiri.

Taa zako amezifanya za kwake. Mgeni akipita anaambiwa, "Hizo ni za kijana yangu, huyo wa stima ya reli." Hata mtu asipouliza anaambiwa.

Umesema mtu anaweza kusinzia. Ni kweli, ingawa mimi sikusinzia. Lakini acha nikukumbushe jambo ambalo hamkuliuliza mlipokuja na mashine zenu. Unajua watu wa hapa. Miaka yote simu ya stesheni ilipolia pale kibandani niliinuka kitini, nikafunga lango, nikashika bendera. Isipolia, niliketi. Baada ya muda watu waliacha kuangalia lango, wakaacha kuangalia bendera, wakawa wananiangalia mimi. Wabuge akiketi, unapita. Wabuge akiinuka, unabaki palepale ulipo, hata kama mguu mmoja uko hewani. Watoto wa Mwalimu Jeruto wameufanya mchezo. Mmoja anakuwa Wabuge, akiinuka wengine wote wanaganda, atakayetikisika anatoka. Na hata kituo cha boda boda wanakiita Kwa Wabuge, kama unavyoona nilivyoandika hapo juu.

Sasa simu mliichukua, lango mliling'oa, kibanda mlikibomoa. Nilibaki na kiti, nikakiweka mbele ya mlango wangu, ambao unajua uko karibu na reli. Nikasema basi, nitaota jua.

Tatizo ni kwamba tangu mvua ianze taa zinawaka bila treni. Zinawaka asubuhi mpaka jioni, na kengele inalia mpaka mbwa wamezoea. Siku ya kwanza watu walingoja. Kiprono, jirani yetu wa shamba la mahindi, alingoja na pikipiki yake ya maziwa mpaka yakaanza kuganda. Siku ya pili hakungoja mtu. Wanakuja, wanaona nyekundu, halafu wanageuka kunitazama mimi mlangoni kwangu. Wakiona nimeketi wanapita. Mimi simu ya stesheni sina tena, siambiwi treni iko wapi, lakini wao wanadhani najua. Kwa hiyo nimevaa koti langu la zamani na nimerudi pale kando ya reli na bendera. Kutoka pale ninaiona kona ya mikaratusi. Treni ikitokeza, nainuka, wanasimama.

Lile sanduku lenu la kebo mlilolizika karibu na kalavati limejaa maji. Sikulifungua, yanaonekana yakitoka kwenye mfuniko. Njoo uliangalie, au umtume mtu.

Mjomba wako,
Wabuge

* * *

Voi,
4 Mei 2024

Mjomba,

Nisamehe kwa kuchelewa. Nilitaka kukujibu nikiwa na jibu mkononi. Huku nako mvua imetuharibia, tuta la reli limemomonyoka sehemu mbili na tumelala kwenye mabehewa. Niko salama. Niliota Mama akinipikia mrenda, nikaamka na njaa.

Habari ya sanduku nilimpelekea Muchiri siku ileile. Aliniambia sisi ni wa kufunga, si wa kurekebisha. Marekebisho yana watu wake, nao wana vivuko vingi vilivyofurika, watafika kwenu zamu ikifika. Nilimwambia nipe siku chache niende mwenyewe. Akasema nikienda nisirudi. Anachosema ni kwamba taa ikiwaka nyekundu haijamdhuru mtu, wa kwanza kushughulikiwa ni wale ambao taa zimekataa kabisa.

Halafu kuna jambo jingine, na hili ndilo lililonichelewesha. Wakaguzi walipita hapo kwenu. Muchiri aliniita akanionyesha picha kwenye simu yake. Mzee mmoja kando ya reli, koti la zamani, bendera mkononi. Akasema, "Huyu mzee anatuharibia kazi. Watu hawataheshimu taa kama yeye bado anasimama hapo. Wakimpata tena, wamshike." Kisha akaniuliza kama namjua.

Kifungo cha juu cha koti lile nilikishona mimi, kwa uzi mweusi kwa kuwa wa buluu ulikuwa umekwisha. Kilionekana. Nikasema simjui.

Nakuomba, Mjomba, kama uliyenilea. Kaa chini. Rudi mlangoni kwako ukae kitini kama ulivyosema, uote jua. Muchiri hakukosea kila kitu. Wakikuona pale kando ya reli hawatazitazama taa kamwe. Ukikaa, watazoea. Na mimi sitaki kusikia umetiwa seli kwa sababu ya mtambo niliofunga mimi.

Nikipata likizo mwezi wa saba nitakuja, na sanduku nitalifungua hata kama si kazi yangu.

Shitanda

* * *

Kwa Wabuge, Eldoret,
26 Mei 2024

Shitanda,

Salamu. Sisi tuko hai. Ng'ombe wa Nekesa amezaa ndama dume, mwenyewe amenuna.

Nimekaa.

Ulisema hunijui. Sikulaumu, kazi ni kazi, na mtu mwenye bosi ana mambo yake. Ila ungeweza kusema hivyo kwa bosi na usiniandikie mimi.

Niko mlangoni kwangu kila siku kama mgonjwa. Koti limetundikwa. Bendera mama yako ameichukua, anafunikia mboga kwenye kapu, anasema kitambaa kizuri hivyo hakiwezi kukaa bure. Watu wanapita na taa zinawaka. Uliniambia nikikaa watazitazama. Hawazitazami. Wananiona nimeketi wanapita haraka zaidi, wengine wananipungia mkono. Nimewaambia mimi si mtu wa reli tena, msinifuate. Wanacheka, wanasema Mzee ana utani.

Anayengoja ni mmoja tu, mama yako. Anasimama pale na kapu kichwani mbele ya taa za mwanawe, kila mtu anampita, boda boda zinampigia honi atoke njiani. Juzi alingoja mpaka sukuma wiki ikanyauka, akarudi nyumbani bila kufika sokoni. Nilimwambia, "Nanyama, vuka tu." Akanijibu, "Nikivuka mimi, nani atafuata hizo taa?"

Mahindi ya Kiprono yamerefuka. Kutoka kitini siioni tena kona ya mikaratusi.

Sanduku bado lina maji. Nimekwambia mara mbili sasa, sitakwambia tena.

Wabuge

* * *

Voi,
27 Julai 2024

Mjomba,

Nilifika salama. Sijui nianze barua hii na salamu gani, kwa sababu kila salamu niliyokuwa nikiandika ilikuwa na jina la Mama ndani yake. Blanketi liko hapa hemani. Sijalitoa kwenye karatasi.

Siku zote za matanga nilikuwa nyumbani kwako na hatukuzungumza. Ulinipa maji ya kunawa, ukanionyesha pa kulala, ukaondoka. Pale kaburini nilikutazama, ukageuka upande wa shamba. Nilidhani utaniambia jambo siku ya kunyoa nywele za msiba, ukanyolewa ukaingia ndani. Ninajua unachofikiria. Ninakifikiria na mimi.

Mafundi wa marekebisho walikuja siku iliyofuata baada ya mazishi, wewe uliwaona. Walitoa maji, wakakata kiungo kilichooza, wakaunga kipya, wakafunga mfuniko. Nilisimama pembeni na suti yangu ya msiba nikawatazama. Haikuwachukua hata asubuhi moja. Taa zikazima, zikakaa zimezima mpaka treni ya mizigo ilipokuja, zikawaka, ikapita, zikazima tena. Kama nilivyokuahidi tangu mwanzo.

Watu wa uchunguzi waliniita. Waliniuliza kama siku treni ilipomgonga Mama mtambo ulikuwa umeharibika kwa namna ya kuonyesha njia ni salama. Nikasema hapana, zilikuwa zinawaka nyekundu. Wakaandika kwamba marehemu alivuka taa zikiwa nyekundu. Ni kweli, Mjomba. Hakuna hata neno moja la uongo. Hawakuuliza zilikuwa zimewaka kwa muda gani, nami sikuwaambia. Mama yangu ameandikwa kama mtu asiyefuata sheria, na ni mimi niliyetoa maneno yenyewe. Ninajichukia.

Lakini kuna mambo mawili siyaelewi, na wewe peke yako ulikuwa pale. Mama aliyekuwa akingoja taa hizo kila siku, kwa nini siku hiyo alivuka? Na la pili. Dereva wa treni alisema kwamba alipomwona, yule mama alikuwa karibu kumaliza kuvuka, halafu akasimama. Alisimama tu katikati. Dereva alilia alipokuwa akisema hivyo. Je, ni goti? Aliteleza? Mama hakuwa mtu wa kuduwaa.

Niambie hata kama ni baya.

Shitanda

* * *

Voi,
8 Septemba 2024

Mjomba,

Hujanijibu. Nekesa ameniambia kwa simu kwamba unakula kidogo na hutoki nje mchana. Amesema alikuta barua yangu mezani imefunguliwa, kwa hiyo najua uliisoma.

Nilimwendea Muchiri nikamwambia yule mzee wa kwenye picha ni mjomba wangu, na aliyekufa pale ni mama yangu, na kwamba maji yalikuwa kwenye sanduku tangu Aprili na tulijua. Nilifikiri atanifukuza. Aliangalia chini, akasema pole sana, kisha akaniambia kesho tunahamia kivuko kinachofuata. Hiyo ndiyo hukumu yote niliyopata.

Ni mimi niliyekuambia ukae. Nimeliandika, ili usilibebe peke yako kimya kimya. Ungekuwa kando ya reli na bendera yako, Mama angekuwa hai. Nitukane ukitaka. Lakini niandikie.

Shitanda

* * *

Kwa Wabuge, Eldoret,
20 Oktoba 2024

Shitanda mwanangu,

Nimechelewa, na sina sababu ya kukupa zaidi ya kwamba sikuweza. Nakusalimu. Nekesa anakusalimu, na ndama wake anakua. Kiprono ameanza kuvuna, na shamba likiwa wazi hivi naiona tena kona ya mikaratusi kutoka mlangoni. Kila nikiiona natamani angevuna mapema.

Uliuliza mambo mawili.

Siku ile kulikuwa na manyunyu na baridi. Taa zilikuwa zinawaka bila kuzima tangu Jumapili. Mama yako alisimama pale na kapu lake, lile lililofunikwa na bendera, akingoja kama kawaida. Goti lilikuwa linamsumbua, nilimwona akibadilisha mguu. Alisimama sana. Kisha akageuka akanitazama. Hakuwa amenitazama wiki zote hizo, alikuwa akizitazama taa zako tu. Mimi nilikuwa nimeketi. Alijua simu ya stesheni hakuna, alijua sijui lolote, tulikuwa tunaishi nyumba moja. Lakini alichoka, akafanya kama wengine. Aliniona nimeketi akashusha pumzi, akaingia relini.

Hilo la kwanza. Hapo unaweza kusema ni wewe, kwa kuwa ulinikalisha. Nilikuacha uamini hivyo tangu siku ya mazishi mpaka leo, kwa sababu jambo la pili ni gumu kulisema kuliko la kwanza. Unisamehe kwa hilo.

Masikio yangu unayajua. Sikusikia honi. Nilihisi kiti kinatetemeka, nikageuza shingo, nikaiona treni inatoka kwenye mahindi. Yeye alikuwa ameshavuka reli ya kwanza. Alibakiza hatua, mwanangu. Angeendelea kutembea na goti lake bovu, angefika.

Nikainuka.

Sikufikiri. Maisha yangu yote treni ikija mwili huu unainuka wenyewe kabla kichwa hakijaambiwa. Niliinuka na mkono nikaunyanyua juu, na yeye akaniona. Akasimama palepale. Hakuiangalia treni, wala taa zako. Alinitazama mimi usoni, akangoja niketi. Nilipiga kelele apite. Sijui kama alisikia. Ndivyo nilivyowazoesha wote, na yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kuzoea, tangu alipokuwa msichana akiniletea chakula kibandani.

Wewe uliniambia nikae, na kama ningekaa kweli siku ile dada yangu angekuwa hai. Nilikutii wiki zote, nikakuasi mara moja. Kwa hiyo hilo jiwe ulilobeba litue. Si lako.

Sasa taa ni nzuri. Zinawaka treni ikija, zinazima ikipita. Lakini asubuhi nikiinuka kwenda kumwaga maji, watu barabarani wanasimama. Nikiinuka kwenda chooni wanasimama. Nilijifungia ndani ili wasinione, Nekesa akaja akanilazimisha nitoke nipate jua, akakiweka kiti mahali pake. Jumatano nilichoka kukaa nikainuka kurudi ndani. Nilipogeuka niliwaona watoto wa Mwalimu Jeruto wamesimama katikati ya reli, mstari mzima, wameshikana mikono, wananitazama. Taa zilikuwa zimezima. Jeruto mwenyewe alikuwa amesimama nao. Hakuna aliyetikisika. Nikaketi. Wakapita.

Kiti nimekipasua kuni, nimepikia chai. Kesho Nekesa ananichukua kwenda Kapseret. Huko kuna uwanja wa ndege tu, hakuna reli. Kaburi la mama yako nimemwachia Kiprono alipalilie, na bendera nimemzikia juu, chini ya udongo kidogo, kwa kuwa ilikuwa kwenye kapu lake.

Ukiulizwa tena habari za yule mzee wa kwenye picha, sema ameondoka.

Ni mimi mjomba wako,
Wabuge